Saint Omer: kesi ambayo hukumu yake huisikii

Kila filamu ya Kifaransa yenye kesi mahakamani inapowafikia watazamaji wa huku kwetu, maswali huwa yale yale. Mbona jaji ndiye anayehoji, mawakili wamekaa kimya? Mbona mshtakiwa anaulizwa habari za utoto wake na wazazi wake, wakati kesi ni ya mauaji? Mbona hakuna wakili anayesimama kuweka pingamizi? Na kama filamu yenyewe ni Saint Omer ya Alice Diop, hufuata swali la mwisho, ambalo wengi huliuliza kwa hasira: nimekaa saa mbili nzima, hukumu iko wapi?

Maswali hayo ni ya haki, na majibu yake hayahitaji digrii ya sheria. Filamu hii inaeleweka ukishajua mambo mawili: namna mahakama ya Ufaransa inavyoendesha kesi ya mauaji, na namna mwongozaji alivyoitumia mahakama hiyo kuuliza jambo ambalo mahakama yoyote hulimudu kwa shida. Nitaeleza hadi mwisho wa filamu, kwa hiyo ambaye hajaitazama na hataki kuharibiwa utamu aitazame kwanza.

Kisa chenyewe

Rama ni mwandishi wa riwaya na mhadhiri wa chuo kikuu jijini Paris. Anapanda treni kwenda Saint-Omer, mji mdogo wa kaskazini mwa Ufaransa, kuhudhuria kesi ya Laurence Coly, mwanamke kijana aliyetoka Senegal kuja kusoma. Laurence anashtakiwa kwa kumwacha binti yake wa miezi 15 ufukweni usiku, maji ya bahari yakiwa yanajaa. Rama ana mpango wa kuandika kitabu akiifananisha kesi hiyo na hadithi ya kale ya Wagiriki kuhusu Medea, mama aliyewaua wanawe. Lakini Rama naye ni mjamzito wa miezi minne, hajamwambia mama yake, na kadiri kesi inavyoendelea ndivyo anavyozidi kuogopa jambo ambalo hawezi kulitamka.

Basi. Hakuna fumbo la nani muuaji. Laurence alishakubali kwamba ndiye aliyemwacha mtoto pale, na kila mtu ukumbini anajua hivyo tangu siku ya kwanza. Anayeingia akitarajia upelelezi wa kusisimua atachoka mapema.

Je, ni kisa cha kweli?

Ndiyo na hapana, na hapa ndipo mkanganyiko wa kwanza unapoanzia. Mwezi Novemba 2013, katika mji wa Berck-sur-Mer ulio kwenye pwani ya kaskazini mwa Ufaransa, mwili wa mtoto wa kike wa miezi 15 uliokotwa ufukweni. Mama yake, mzaliwa wa Senegal aliyekuwa amesoma falsafa, alikamatwa. Kesi yake ilisikilizwa Juni 2016 huko Saint-Omer, na Alice Diop alikwenda kuketi ukumbini kama raia yeyote anayeruhusiwa kuketi, kwa sababu kesi hiyo haikumtoka akilini. Yeye pia ni mwanamke mwenye asili ya Senegal, na yeye pia alikuwa na mtoto mdogo wakati huo.

Alitoka pale akiwa na wazo la filamu. Mswada aliuandika pamoja na Amrita David, ambaye pia ndiye mhariri wake wa picha, na Marie NDiaye, mwandishi mashuhuri wa riwaya aliyepata tuzo ya Goncourt mwaka 2009. Sehemu kubwa ya maneno yanayosikika ukumbini imejengwa juu ya yaliyosemwa kweli katika kesi. Majina, hata hivyo, yamebadilishwa, na Rama ni mhusika wa kubuni ingawa kasimama karibu sana na mwongozaji. Waliomo wote ni waigizaji: Guslagie Malanda ni Laurence, Kayije Kagame ni Rama, Valérie Dréville ni jaji.

Wapo wanaosisitiza kwamba ni filamu ya makala, kwamba kamera ilikuwa kwenye kesi yenyewe. Isingewezekana. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1954 ilipiga marufuku kupiga picha na kurekodi ndani ya kikao cha mahakama. Ndiyo maana mpaka leo magazeti ya Ufaransa huchapa michoro ya kalamu ya washtakiwa mashuhuri. Mlango ulifunguliwa kidogo mwaka 1985, kwa kesi zenye uzito wa kihistoria tu, zihifadhiwe kwenye kumbukumbu za taifa. Ya kwanza kurekodiwa kwa utaratibu huo ilikuwa ya Klaus Barbie, afisa wa Kinazi, mwaka 1987. Nyingine inatugusa zaidi sisi wa ukanda huu: kesi ya Pascal Simbikangwa, Mnyarwanda aliyehukumiwa Paris mwaka 2014 kifungo cha miaka 25 kwa mauaji ya kimbari ya 1994. Sheria ya Desemba 2021 imelegeza zaidi, lakini kesi ya mama wa Saint-Omer ilikuwa ya 2016. Kamera haikuwepo. Unachokiona ni kazi ya kuigiza, iliyojengwa na mtu aliyesikiliza kwa makini sana.

"Filamu ya kwanza" maana yake nini?

Mkanganyiko wa pili unatokana na tuzo. Septemba 2022, kwenye tamasha la Venice, Saint Omer ilipata Simba wa Fedha, yaani tuzo kuu ya jopo la majaji, na siku hiyo hiyo ikapata tuzo ya filamu ya kwanza. Februari 2023 ikapata César, tuzo kubwa ya filamu ya Ufaransa, katika kundi la filamu bora ya kwanza. Watu wakashangaa: huyu si ndiye aliyekuwa na filamu tangu zamani?

Ndiye. Alice Diop alizaliwa 1979 huko Aulnay-sous-Bois, kitongoji kilichoko kaskazini-mashariki ya Paris, kwa wazazi waliotoka Senegal. Alisoma historia na sosholojia, kisha kwa zaidi ya miaka 15 akatengeneza filamu za makala. Moja fupi, Vers la tendresse, ilimpa César mwaka 2017. Nyingine ndefu, Nous, ilishinda katika tamasha la Berlin mwaka 2021. Katika tasnia, mwongozaji mara nyingi huhesabiwa kuwa wa "filamu ya kwanza" anapotoa filamu yake ndefu ya kwanza ya kubuni. Kazi za makala haziingii katika hesabu hiyo. Kwa hiyo Saint Omer ni ya kwanza kwa mujibu wa kanuni, na ni ya mkono uliokomaa kwa mujibu wa macho.

Na ukomavu huo unauona. Mtengeneza filamu za makala hujifunza kungoja. Huweka kamera mahali na kumwacha mtu aseme mpaka amalize. Mtazame Laurence anaposimama kizimbani kwa mara ya kwanza. Nyuma yake kuna ukuta wa mbao za kahawia, nguo yake ni ya rangi ya kahawia, ngozi yake ni ya kahawia, na mikono kaishika kwenye ukingo wa mbao. Claire Mathon, mpigapicha mkuu, hamsogelei kwa haraka wala hamkatizi. Dakika zinapita, uso ule ule, sauti ile ile ya chini isiyopanda wala kushuka. Unaanza kuona mambo ambayo kamera ya haraka ingeyakosa: jinsi anavyomeza mate kabla ya kutaja jina la mtoto, jinsi anavyosahihisha tarehe kwa uangalifu wa mwanafunzi. Kwa maoni yangu hakuna sehemu nyingine ya filamu inayoshinda ile kwa nguvu, na hakuna kinachotokea ndani yake ila mtu kujibu maswali.

Mahakama isiyofanana na yetu

Sasa tuingie kwenye kiini. Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala amekulia kwenye sheria iliyoachwa na Waingereza. Huko kesi ni mashindano ya pande mbili. Mashtaka wanaleta mashahidi wao, utetezi wanawabana kwa maswali ya dodoso, kisha zamu inageuka. Jaji anasikiliza, anaamua kipi kikubaliwe kama ushahidi, na anatakiwa ajizuie kuuliza mno asije akaonekana ana upande. Msomaji wa Bujumbura, Kinshasa au Goma huenda asishangae sana, maana nchi hizo zilirithi misingi yao kutoka Ubelgiji, na Ubelgiji na Ufaransa zinatoka shina moja la kisheria.

Ufaransa kesi ya jinai kubwa huanza muda mrefu kabla ya siku ya mahakama. Kunakuwa na jaji wa upelelezi, ambaye kazi yake ni kutafuta kila kitu, kinachomwangamiza mshtakiwa na kinachomwokoa. Anahoji mashahidi, anaagiza ripoti za madaktari, anatuma watu wachunguze maisha ya mshtakiwa tangu kuzaliwa. Yote yanaingia kwenye jalada. Baadaye jalada linafika katika mahakama iitwayo cour d'assises, ambako jaji mwingine kabisa anaongoza kikao. Huyu analisoma jalada lote kabla ya siku ya kwanza.

Walioketi naye ni majaji wengine wawili wa kitaaluma na raia 6 wa kawaida, waliochaguliwa kwa kura ya bahati kutoka kwenye daftari la wapiga kura. Sharti ni wawe wametimiza miaka 23 na wajue kusoma na kuandika Kifaransa. Mwanzoni mwa kikao majina yanachomolewa, na mawakili wanaweza kumkataa huyu au yule bila kutoa sababu: utetezi hadi wanne, mashtaka hadi watatu. Waliozoea wazee wa baraza wa Mahakama Kuu ya Tanzania waangalie tofauti moja kubwa. Wazee wetu wa baraza, wanapoitwa, hutoa maoni tu, na jaji hafungwi nayo. Hawa wa Ufaransa wanapiga kura, na kura ya muuza duka ina uzito sawa na ya jaji aliyekaa pembeni yake.

Lakini raia hao hawajalisoma jalada. Hawaruhusiwi kuamua kwa karatasi. Wanaamua kwa kile walichokisikia kwa masikio yao ukumbini. Hapo ndipo maswali mengi ya jaji yanapopata maana. Chukua kikao cha ukoo kinachokaa baada ya jambo zito kutokea nyumbani. Mzee anayekiongoza amepita kwa kila mmoja siku zilizotangulia, anajua karibu yote. Hata hivyo anaanza mwanzo: ulikuja lini hapa, nani alikupokea, siku ile ulikuwa na nani, ulikula wapi. Anauliza anayoyajua kwa sababu waliokaa naye hawayajui, na wao ndio watakaoamua pamoja naye. Jaji wa Saint Omer anafanya hivyo hivyo. Anapomwuliza Laurence juu ya baba yake, juu ya mama aliyemkataza kuzungumza Kiwolofu nyumbani, juu ya masomo yaliyomshinda, hatoki nje ya mada. Kwa sheria ya Ufaransa hiyo ndiyo mada. Wanaokwenda kumwadhibu mtu wanatakiwa kwanza wamjue ni nani.

Mawakili nao hawalali. Zamu yao ya kuuliza huja baada ya jaji kumaliza, na mwisho kabisa husimama kutoa hoja zao: anayezungumza kwa niaba ya jamii, anayeomba adhabu, kisha wakili wa utetezi. Neno la mwisho kabisa, kabla majaji hawajaondoka kwenda kujadiliana, ni haki ya mshtakiwa mwenyewe. Pingamizi za kurukaruka tulizozoea kwenye filamu za Marekani karibu hazina nafasi, kwa sababu anayeongoza maswali ni jaji, na utamwekea pingamizi nani?

Amekiri, sasa kesi ya nini?

Hili ndilo linalowasumbua wengi. Kwetu, mshtakiwa akikiri kosa mambo hufupishwa. Hata kwenye makosa makubwa, makubaliano ya kukiri yanazidi kuwa ya kawaida. Mbele ya cour d'assises, kukiri hakufupishi kitu. Hata mtu akisema "nimeua" tangu siku ya kukamatwa, mashahidi wataitwa, madaktari watazungumza, maisha yatapekuliwa. Na mshtakiwa hali kiapo. Hatakiwi kuapa kwamba anasema kweli, kwa hiyo hawezi kushtakiwa kwa kudanganya juu ya jambo lake mwenyewe, na akitaka kunyamaza, ananyamaza.

Sasa msikilize Laurence. Jaji anamwuliza kwa nini alimuua binti yake. Anajibu kwamba hajui, na kwamba anatumaini kesi hii itamsaidia kujua. Nimeona watu wakilichukulia jibu hilo kama dharau au ujanja. Lisikilize tena ukikumbuka utaratibu nilioueleza. Amewekwa mbele ya chombo ambacho kimesema kitachunguza maisha yake yote kutafuta sababu, naye anakijibu kwa unyofu: haya, nitafutieni, mimi imenishinda. Hakatai kwamba alimwacha mtoto. Anachokataa ni kwamba yeye ndiye chanzo cha hilo jambo. Mambo hayo mawili yanachanganywa mno.

Sheria inayatenganisha kupitia madaktari wa akili. Ufaransa kuna ngazi mbili. Ikiwa ugonjwa ulimwondolea mtu kabisa uwezo wa kujitambua na kujizuia wakati wa tendo, hawezi kuadhibiwa, anapelekwa hospitali. Ikiwa ugonjwa uliupunguza tu uwezo huo, anaadhibiwa lakini adhabu inapunguzwa. Katika kesi ya kweli wataalamu hawakukubaliana. Mahakama ilimpa mama yule miaka 20 mwaka 2016, na mahakama ya rufani, mwaka uliofuata, ikaipunguza kuwa 15.

Wasomaji wetu wenye kuijua sheria watauliza: je, hili si lile kosa la mama kumuua mtoto wake mchanga, ambalo adhabu yake ni nafuu? Sheria za Kenya na Tanzania zinalitambua kosa hilo, na zinamhukumu mama kama aliyeua bila kukusudia, mradi mtoto awe hajafikisha miezi 12 na akili ya mama iwe imeyumbishwa na uzazi au kunyonyesha. Mtoto wa miezi 15 asingeingia humo. Na Ufaransa haina tena kosa la namna hiyo katika kanuni yake ya adhabu iliyoanza kutumika 1994. Kumuua mtu mwenye umri chini ya miaka 15, awe wako au wa jirani, ni mauaji yenye uzito wa ziada, na kifungo chake kinaweza kufika cha maisha.

Uchawi, na Kifaransa kizuri

Laurence anasema alirogwa. Sehemu hii imezua ubishi mkali, na naona ubishi mwingi umepotea njia. Upande mmoja wanasema filamu inawadhalilisha Waafrika kwa kuwaonyesha kama watu wa ndumba. Upande mwingine wanasema filamu inatetea imani hizo. Filamu haifanyi lolote kati ya hayo. Inaonyesha kila aliyemo ukumbini akilinyakua neno "uchawi" kwa faida yake: kwa mwendesha mashtaka ni janja ya kujitetea, kwa mwingine ni "utamaduni wake", kwa utetezi ni dalili ya mgonjwa. Laurence peke yake ndiye asiyelichezea. Analitaja kama mtu anayesema mvua ilinyesha.

Mahakama zetu hazijawahi kuona suala hili kuwa geni. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililipima mwaka 1951 katika rufani iliyotoka Uganda, ikaweka masharti magumu: hofu ya uchawi pekee haitoshi kumpunguzia muuaji kosa. Jaji wa Nairobi au Mwanza ameshakutana na faili za namna hiyo mara nyingi. Kinachowashangaza Wafaransa wa ukumbi ule ni kumsikia anayetaja uchawi akitaja pia falsafa, kwa Kifaransa kisicho na doa. Kwetu hilo lisingeshangaza mtu. Kila mmoja wetu anamfahamu mwenye shahada mbili ambaye mambo yakimzidi hufunga safari kwa mganga, na hatumwoni kuwa ni watu wawili ndani ya mwili mmoja.

Kuhusu hicho Kifaransa: kuna shahidi mmoja, mhadhiri aliyemfundisha Laurence, anayesimama na kueleza kwamba alishangaa kuona mwanafunzi huyu akitaka kuandika tasnifu juu ya Wittgenstein. Kwa nini mwanamke wa Kiafrika ajishughulishe na mwanafalsafa wa Austria wa mwanzoni mwa karne ya 20, badala ya kitu kilicho karibu na utamaduni wake? Anasema bila chuki yoyote usoni, kama jambo la wazi. Na nje ya ukumbi, mchapishaji wa vitabu vya Rama, akizungumza naye kwa simu, anamsifu mshtakiwa kwa lugha yake nzuri. Rama anamjibu kwamba Laurence anazungumza kama mwanamke aliyesoma, basi. Sehemu hizo mbili ni fupi, lakini zinaeleza kwa nini Laurence aliweza kutoweka taratibu kiasi kile, akaishi ndani ya nyumba ya mwanamume mwenye umri mkubwa kuliko wake kwa mbali, akajifungua peke yake, mtoto asiandikishwe popote. Hapakuwa na mtu aliyekuwa akimtazama vizuri. Walikuwa wakitazama walichotegemea kukiona.

Kwa hiyo, hukumu iko wapi?

Kesi kwenye filamu inakatika baada ya hoja ya wakili wa utetezi. Haonyeshwi mjumbe akipiga kura, wala haisomwi idadi ya miaka. Wengi wamesema mwongozaji alikimbia uamuzi. Mimi naona amefanya uamuzi, tena mgumu.

Sikiliza anachosema wakili Vaudenay, anayechezwa na Aurélia Petit. Haombi mteja wake aachiwe. Anazungumza juu ya chembe hai za mtoto zinazovuka na kuingia mwilini mwa mama wakati wa ujauzito, na za mama zinazobaki kwa mtoto. Hiyo ni sayansi ya kweli: chembe za mtoto zimekutwa katika damu ya mama miongo kadhaa baada ya kujifungua. Wakili anaifanya kuwa picha ya wanawake wote waliomo ukumbini, kwamba kila mmoja amebeba mama yake na atabebwa na binti yake. Rama analia. Hapo awali mama yake Laurence alishamtambua kuwa ni mjamzito bila kuambiwa, na Laurence mwenyewe, akiwa kizimbani, aliwahi kumgeukia na kumpa tabasamu dogo lililomtisha mno. Swali lililomleta Rama pale, la mwanamke mwingine aliyeshindwa kuwa mama, limegeuka kuwa lake na la mama yake, mwanamke mkimya aliyechoka ambaye Rama amekuwa akimkwepa tangu utotoni.

Miaka 15 au 20 isingeongeza wala kupunguza kitu kwenye swali hilo. Ingempa mtazamaji ruhusa ya kufunga faili: kumbe alipewa kadhaa, sawa, tulale. Anayeitaka idadi anaweza kuipata magazetini, kwa sababu ni ya kesi ya kweli, na nimeitaja hapo juu. Medea wa Wagiriki pia hakuhukumiwa na mtu. Mwisho wa tamthilia anaondoka zake kwenye gari la mungu wa jua.

Lipo jambo lingine, la utaratibu, ambalo asiyejua mahakama ya Ufaransa hawezi kuliona. Baada ya hoja za mwisho, majaji 3 na raia 6 huingia faraghani. Sheria inaagiza wakumbushwe kwamba haitawadai maelezo ya njia iliyowafanya wasadiki, wala haiwapi vipimo vya ushahidi upi utoshe. Inawauliza swali moja tu: je, mnasadiki ndani ya nafsi zenu? Kisha kila mmoja anaandika jibu kwenye karatasi, anaikunja, anaitumbukiza. Mwaka 2016 zilihitajika kura 6 kati ya 9 kumtia mtu hatiani. Tangu 2022 zinahitajika 7.

Wakati wa hoja ya utetezi, Vaudenay anageuka. Hamtazami jaji wala mwendesha mashtaka, anaitazama kamera moja kwa moja, na anazungumza hivyo kwa dakika kadhaa. Anayetazamwa vile katika cour d'assises huwa ni mtu mmoja tu, raia aliyechomolewa jina kutoka kwenye daftari la wapiga kura. Kamera imewekwa kwenye kiti chake, na filamu inamalizika kabla hujapewa karatasi.